Bendi Ikiweka Gitaa Kando: Mimi na Kaka Yangu, Nani Yuko Sahihi?

Swali: Mimi na kaka yangu tumekua tukisikiliza bendi moja ya roki. Yeye ndiye aliyenifundisha kuipenda, na hata gitaa alijifunza kwa kufuatisha nyimbo zao. Albamu yao mpya imejaa sinthesaiza, vile vinanda vya umeme vinavyounda sauti, na mashine za dramu; dramu za kupigwa kwa mikono nimezisikia kwenye nyimbo mbili tu. Mimi naipenda, naisikiliza kwenye hedifoni hadi usiku wa manane. Kaka aliisikiliza mara moja kwenye simu, akasema wametusaliti, na hataki kuisikia tena. Mashabiki wengine nao wamegawanyika vivyo hivyo. Nani yuko sahihi? Na kuna namna ya kuyapima mabadiliko kama haya bila kugombana?

Jibu: Dada yangu, naomba nianzie kwenye maneno yako mawili: "kwenye simu". Wewe umesikiliza kwa hedifoni, kaka amesikiliza kwa spika ndogo kuliko ukucha, kwa hiyo hamjasikiliza albamu moja. Hilo si neno la kupatanisha watu tu, ni suala la sauti yenyewe. Waya mnene kuliko zote kwenye gitaa, likiwa limetegwa kawaida, hutoa sauti ya mitetemo kama 82 kwa sekunde, na ule wa gitaa la besi hutoa kama 41. Lakini gitaa lenye mgurumo, lile la roki, halikai huko chini. Mgurumo unalimwaga kwenye sauti za kati, palepale anapokaa mwimbaji, na sauti za kati ndizo spika ndogo inazozimudu. Ndiyo maana albamu ya zamani ya roki ukiifungulia kwenye simu bado inakupiga kifuani, au angalau unadhani inakupiga.

Muziki wa kielektroniki umejengwa kinyume chake. Uzito wake uko chini kabisa, kwenye besi ya sinthesaiza na kishindo cha dramu kubwa ya mashine, na katikati huachwa wazi makusudi ili sauti ya mwimbaji ipate nafasi. Kwenye simu huo uzito wa chini unapotea karibu wote. Kinachobaki ni mwimbaji peke yake, vijisauti vya juu vinavyotikatika, na upweke. Kaka alionyeshwa nyumba isiyo na msingi akasema haikaliki, na kwa alichokisikia alisema kweli.

Basi kabla ya lolote, asikie mlichonacho mezani. Lakini usidhani hedifoni zitamaliza mzozo. Nimewaona watu wengi wakisikiliza kwenye studio, mbele ya spika nzuri kabisa, wakatoka na uchungu uleule. Na hapa nataka nimtetee kaka yako, kwa sababu mashabiki wa namna yake huambiwa haraka sana kwamba wamepitwa na wakati, kwamba wanaogopa mabadiliko. Mimi sikubali. Bendi huweka ahadi. Wakati mwingine huiweka kwa maandishi kabisa. Queen, kuanzia albamu yao ya kwanza ya 1973, walikuwa wakichapisha kwenye majalada taarifa kwamba hakuna sinthesaiza iliyotumika. Walikuwa na sababu: Brian May, mpiga gitaa wao, alikuwa akipanga gitaa juu ya gitaa hadi watu wakadhani ni mashine, na wao walitaka ijulikane kwamba ni mikono. Shabiki aliyesoma maneno hayo miaka yote ile, halafu 1980 akanunua The Game na kukutana na sinthesaiza, na 1982 akanunua Hot Space na kukuta besi ya sinthesaiza na midundo ya dansi, hakuwa amejibunia malalamiko yake. Alikuwa anawakumbusha maneno yao wenyewe.

Kwa hiyo swali langu mimi si kama bendi ina haki ya kubadilika. Haki inayo. Swali ni nini hasa mashabiki wanakiona kimeondoka, maana wengi hukitaja kwa jina lisilo lake. Husema "gitaa". Baada ya miaka mingi nyuma ya meza ya kuchanganyia sauti naamini kwamba mara nyingi wanachokililia ni mpiga dramu.

Chukua Van Halen. Hakuna bendi iliyofungamana na gitaa kuliko hiyo. Eddie Van Halen aliwafanya vijana wa kizazi kizima waweke vidole vyote kumi kwenye shingo ya gitaa. Mwaka 1984 wakatoa albamu iliyobeba Jump, wimbo ambao uti wake wa mgongo ni sinthesaiza, na mpigaji ni Eddie mwenyewe. David Lee Roth, mwimbaji wao, hakuupenda wimbo huo ulipopelekwa kwake mara ya kwanza. Walionung'unika walikuwepo. Lakini wimbo ulifika namba moja Marekani, wimbo pekee wa bendi hiyo kufika hapo, na mashabiki wengi wa zamani hawakuondoka. Usikilize tena ukisahau kinanda. Chini yake Alex Van Halen anazipiga ngoma kama alivyozipiga siku zote, akisukuma mbele anapotaka kusukuma na akivuta nyuma anapotaka kuvuta. Chombo cha juu kilibadilika, mwili wa bendi ulibaki.

Mpiga dramu hapigi saa. Anapoingia kwenye kiitikio anaongeza kasi kidogo, kiasi ambacho hukitambui kwa sikio ila kwa bega. Pigo la pili la dramu ndogo huwa na nguvu kidogo kuliko la nne, au kinyume chake, na hiyo ndiyo sahihi yake. Bendi nzima hupumua kwa pumzi yake. Mashine ya dramu, ukiiacha ilivyo, huweka kila pigo mahali palepale kwa nguvu ileile, na ukishanakili kipande kimoja mara thelathini, pigo la mwisho wa wimbo halijachoka hata kidogo. Kuna uzuri mkubwa katika hilo, ule wa kurudia hadi akili itulie, na naamini ndio unaokuweka macho na hedifoni usiku. Ila ni uzuri wa aina nyingine, na aliyekuja kutafuta pumzi hatoupata kwa kuambiwa asikilize kwa makini zaidi.

Bendi inayonifundisha zaidi juu ya hili ni U2, kwa sababu walijaribu safari hiyo mara mbili na matokeo yakawa mawili. Mwishoni mwa 1990 walikwenda Berlin, studio za Hansa, wakitaka kuachana na sauti iliyowapa umaarufu. Kabla mashabiki hawajagawanyika, bendi yenyewe iligawanyika. Bono, mwimbaji, na The Edge wa gitaa walivutwa na midundo ya dansi na mashine. Larry Mullen, mpiga dramu, na Adam Clayton wa besi hawakuona nafasi yao humo. Fikiria mpiga dramu anayeingia studio akakuta mashine imeshakaa kwenye kiti chake. Walikaribia kuvunjika. Kilichowaunganisha ni wimbo One, uliozaliwa wakiwa wote wanapiga pamoja chumbani. Albamu iliyotoka 1991, Achtung Baby, ina mashine tele, lakini dramu za Mullen zimesokotwa nazo kama nyuzi mbili za kamba moja. Hujui moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Ule ugomvi wao wa ndani, kwa maoni yangu, ndio ulioitengeneza: kila upande ulilazimika kumshawishi mwenzake, na chochote kilichobaki kilikuwa kimepigiwa kura na mikono minne.

Halafu ikaja Pop, 1997. Wakati kazi inaanza Mullen alikuwa anauguza mgongo, na wenzake wakaanza bila yeye, wakijenga nyimbo juu ya vipande vya midundo vilivyorudiwarudiwa. Aliporudi ilibidi aingie kwenye nyumba iliyokwisha kupauliwa. Tarehe za ziara ya dunia zilikuwa zimeshapangwa, ya kwanza ikiwa Las Vegas mwezi Aprili, na albamu ikatoka kabla wao wenyewe hawajaridhika nayo. Wamelisema hilo hadharani, na walipotoa mkusanyiko wa nyimbo zao bora 2002 baadhi ya nyimbo za Pop walizichanganya upya. Kwa hiyo bendi ileile, na hamu ileile ya mashine. Tofauti ninayoisikia mimi iko kwenye muda na kwenye kiti cha mpiga dramu. Mashabiki walioikataa Pop mara nyingi walisema tatizo ni dansi. Nadhani walikuwa wanasikia nyimbo ambazo hazijaiva, wakailaumu mashine kwa sababu ndiyo iliyoonekana.

Nikiisikiliza albamu ya namna hiyo kuna kitu nakitafuta. Wimbo ulioiva hutumia mashine kwa jambo ambalo mkono hauwezi. Wimbo usioiva huitumia kuziba pengo: kiitikio hakijapatikana, basi inaongezwa sauti ya kupanda, inakatwa ghafla, unaangushwa mdundo mzito, na msikilizaji anadhani kuna jambo limetokea. Ukikuta nyimbo nne kwenye albamu moja zinapanda na kuanguka mahali palepale, kaka yako ana hoja nzito, na hoja hiyo haihusiani na usaliti. Ni uvivu, na uvivu upo hata kwenye albamu za magitaa matupu.

Watakuletea mfano wa Radiohead, kila mtu huuleta, nami siwezi kuuruka. Baada ya OK Computer ya 1997 walikuwa bendi ya gitaa iliyotazamwa kuliko karibu nyingine yoyote. Thom Yorke, mwimbaji wao, alichoka kabisa na muziki huo. Akawa anasikiliza wasanii wa kielektroniki kama Aphex Twin na Autechre. Kid A ikatoka Oktoba 2000 bila wimbo hata mmoja uliotolewa peke yake kama singo. Ilifika namba moja Uingereza na Marekani, na bado wapo walioisikiliza wakahisi wamefungiwa mlango. Miaka tisa baadaye jarida la Rolling Stone na tovuti ya Pitchfork wote waliitaja kuwa albamu bora ya muongo. Watu hutumia habari hii kumnyamazisha mtu kama kaka yako: unaona, waliolalamika walikosea. Mimi naona ni matumizi mabaya ya mfano. Wengi waliojaribu njia hiyo hawakutoa Kid A, na aliyehuzunika Oktoba 2000 hakuwa na deni la kujua magazeti yangesema nini 2009.

La kujifunza kwa Radiohead liko kwingine. Katika utengenezaji wa albamu ile baadhi ya wanabendi walijikuta studio hawana cha kupiga, na ilibidi wajifunze kwamba unaweza kuchangia wimbo kwa kuuacha. Wimbo wa Idioteque ulianzia kwenye rekodi ya karibu dakika hamsini ya majaribio ya Jonny Greenwood, mpiga gitaa wao, ambamo Yorke alichagua sehemu fupi ya chini ya dakika moja. Ndani ya sehemu hiyo kuna sampuli, yaani kipande kilichonakiliwa, ya kazi ya Paul Lansky, aliyeitunga kwa kompyuta mwaka 1973. Ni wimbo wa mashine kuliko nyimbo zao zote. Kisha wakaupeleka jukwaani, na Phil Selway, mpiga dramu wao, akaupiga kwa mikono. Tafuta rekodi yao ya jukwaani iliyotoka 2001, I Might Be Wrong, uisikilize mara baada ya ile ya studio. Mapigo ni yaleyale lakini yametoka jasho. Nimewasikilizisha watu waliokuwa wameikataa Kid A rekodi hii, na sura zao zilibadilika kwenye ubeti wa kwanza, kwa sababu walichodhani kimekufa walikisikia kinahema.

Na usikubali kirahisi kwamba mkono haumo ndani ya mashine. New Order walizaliwa kutoka Joy Division, bendi ya gitaa iliyompoteza mwimbaji wake Ian Curtis mwezi Mei 1980. Walielekea kwenye mashine wakiwa wafiwa. Mwaka 1983 walitoa Blue Monday, wenye mashine ya dramu ya Oberheim DMX na melodia ya sinthesaiza ambayo Gillian Gilbert aliiingiza noti moja baada ya nyingine. Akaruka noti moja. Kwa hiyo melodia inatembea nje kidogo ya mdundo, na wakaiacha. Kosa la kidole cha mtu ndilo linaloufanya wimbo ule uyumbe kwa namna inayotekenya. Juu yake besi ya Peter Hook inaimba kwa sauti ya juu vilevile ilivyoimba kwenye Joy Division. Shabiki wa zamani aliyepotea humo angeweza kuishika besi hiyo kama mkono wa mtu anayemjua.

Nikwambie pia kwamba hoja yangu ya mpiga dramu ina mahali inapogota. ZZ Top, watu watatu wa bluzi, walitoa Eliminator 1983, ikiwa na mashine za dramu na sinthesaiza kwa wingi, mapigo yamenyooka kama rula. Kwa kipimo changu ingepaswa kuwafukuza watu wao. Iliuza zaidi ya nakala milioni kumi Marekani peke yake. Maelezo yangu ni kwamba gitaa la Billy Gibbons lilibeba pumzi yote. Mashine zilinyooka ili yeye apate kupinda juu yake. Nadhani bendi lazima ibakishe pumzi mahali fulani, na mahali hapo si lazima pawe kwenye dramu, ingawa mara nyingi ndipo.

Lipo jambo ambalo msikilizaji hawezi kulijua siku albamu inapotoka, nalo ni sababu. Mwaka 1982 Neil Young alirekodi Trans, akiimba nyimbo nyingi kupitia kifaa kinachogeuza sauti ya mtu kuwa kama ya roboti. Mashabiki walishangaa. Kampuni yake ya rekodi ilifika hadi kumshtaki mwaka uliofuata kwa madai kwamba muziki anaowapa haufanani na yeye. Baadaye alieleza kwamba mwanawe mdogo alikuwa na ulemavu uliomzuia kuzungumza, na kwamba sauti zile zisizoeleweka zilitoka kwenye juhudi za baba na mtoto kutafuta njia ya kufikiana. Siisikilizi tena albamu ile kama nilivyoisikiliza mwanzo. Linkin Park nao, ambao tangu Hybrid Theory ya 2000 walikuwa na sampuli na mashine, walilaumiwa vikali Mei 2017 kwa One More Light, albamu laini yenye sauti za pop na magitaa mazito yakiwa hayapo. Chester Bennington, mwimbaji wao, alifariki Julai mwaka huohuo. Maneno ya nyimbo zile yalikuwa palepale wiki zote, wakati watu wanabishana magitaa yako wapi. Sisemi kwamba kila albamu ya kielektroniki inaficha msiba, wala kwamba mtu hana ruhusa ya kutoipenda. Nasema tu kwamba neno "usaliti" linadai kujua moyo wa mtu, na sisi tumesikia spika tu. Kaka aseme "siipendi", aseme "imenipoteza", aseme hata "ni mbaya". Hayo anaweza kuyatetea.

Lakini umeniandikia kitu ambacho huenda hukukipa uzito: gitaa alijifunza kwa kufuatisha nyimbo zao. Kwako wewe bendi hii ni ya kusikiliza. Kwake ilikuwa pia ya kupiga. Kila albamu iliyotoka alikaa nayo, akatafuta vidole vinakwenda wapi, na akiisha kuupata wimbo ulikuwa umeingia mikononi mwake. Safari hii ameifungulia albamu na hakuna mahali pa kuweka vidole. Wenzake aliokuwa akipiga nao wamenyanyuka wakaondoka chumbani. Watu wanaopiga ala huumia hivi na mara nyingi hawajui kulieleza, hivyo husema "muziki huu si wa kweli", maneno yanayokuudhi wewe kwa sababu wewe umeusikia ni wa kweli. Waswahili walisema kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Nyinyi wawili mnaivuta ngozi moja, na yeye anaivuta kwa kuwa ndiyo aliyojifunzia.

Kwa hiyo usimpe hoja, mpe kazi. Chagua wimbo mmoja kwenye albamu, wenye melodia unayoweza kuivumisha bila chombo, umwombe akutafutie nyuzi zake kwa gitaa. Nyimbo nyingi za sinthesaiza zina mpangilio wa sauti tatu au nne tu, atazipata kabla chai haijapoa. Zikikaa, atakuwa ameuona wimbo uliokuwa umefichwa na mavazi. Usichague ule ambao uzuri wake wote uko kwenye rangi ya sauti yenyewe, ule unaobadilika polepole bila melodia, kwa sababu huo ukiuhamishia kwenye gitaa utakufa, na kufa kwake hakutathibitisha kitu. Mchoro wa rangi haupimwi kwa kuuchora upya kwa mkaa.

Nawe pia unayo kazi. Umeniambia unaipenda, na sauti ya barua yako ni ya mtu anayehisi ana hatia kwa kuipenda. Huna hatia. Ila isikilize mara moja ukifuata mdundo tu, wimbo hadi wimbo, ukijiuliza kama unabadilika unapofika kwenye kiitikio cha mwisho au umebandikwa uleule. Sikiliza kama kuna mahali mwimbaji amelazimishwa kusimama kwenye mstari wa mashine wakati maneno yanataka kuchelewa. Ukikuta nyimbo mbili tatu za namna hiyo mwambie kaka bila kuzunguka. Atakusikiliza kwa sikio lingine akijua kwamba huitetei bendi kwa kila kitu. Na wakianza kuzipiga jukwaani, tazameni pamoja mpiga dramu anafanya nini: kama amekaa akibonyeza kitufe, au amezichukua zile sauti za studio na kuzifanya zake.

Kwa leo, mvalishe hedifoni zako, uanze na zile nyimbo mbili zenye dramu za mikono. Usimwambie ni za ngapi kwenye albamu. Zikiisha, iache iendelee kwenye wimbo unaofuata, unyamaze.